Toyota 86 kutoka Mnada wa Japani hadi Foleni ya Dar: Mwongozo Kamili wa Kununua Gari la Milango Miwili

Gari la milango miwili Wazungu wanaliita kupe. Kwetu kupe ni yule mdudu wa ng'ombe anayejibana nyuma ya sikio akanyonya damu mpaka avimbe, na miezi ya mwanzo kila nilipotoka sheli nilikuwa nacheka peke yangu kwamba jina limefaa. Mama yeye hakuhangaika na jina. Aliliangalia mara moja, akazunguka upande wa pili, akauliza: "Mwanangu, milango mingine wamekuibia bandarini?"

Gari lenyewe ni Toyota 86 ya mwaka 2014, manyuo, iliyoingia Dar es Salaam mwaka 2023 kwa njia tunayoijua wengi: mnada wa Japani, meli, wakala, namba. Ukiagiza IST au Harrier, kila ukoo una shemeji wa kukuelekeza. Hili la milango miwili lina mitego yake, na mingi haiko bandarini wala kwa watoza kodi wa TRA. Iko kwa aliyelimiliki kabla yako. Kwa hiyo nianze na lile ambalo ningependa kuambiwa mapema: usitafute 86 iliyopendwa na kijana. Tafuta ile ambayo mzee fulani wa Kijapani alikuwa akiendea dukani Jumapili, akarudi, akaifunika turubai.

Kwanza pima njia ya kwenu

Kabla hujafungua tovuti yoyote ya magari, toka nje na rula. Kwa vipimo vya Toyota, kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari hili ni sentimita 13. Simamisha simu yako wima barabarani. Simu nyingi za siku hizi zina sentimita 15 na ushee. 86 haiivuki bila kuigonga. Sasa tembea kutoka getini hadi lami, taratibu, ukiangalia kila tuta, kila mtaro uliofukiwa nusu, kila jiwe ambalo miaka yote umelipita na Noah bila hata kujua lipo.

Mtaa wangu una kama mita mia nne za vumbi kabla ya lami, na matuta matatu ambayo wakazi waliyajenga wenyewe kwa saruji iliyobaki ujenzini. Tuta la barabara kuu lina mgongo mpana, gari linapanda na kushuka. La wakazi lina ncha kama paa la nyumba, na ncha hiyo ndiyo inayokwangua tumbo, hata tuta likiwa si refu. Nilikwenda kwa mjumbe, tukakubaliana nichangie mifuko miwili ya saruji, matuta yakaongezwa miguu pande zote mbili. Hiyo ndiyo ilikuwa spea yangu ya kwanza, na gari lilikuwa bado Japani.

Kama njia yenu masika hugeuka mto, acha hapa hapa. Hakuna shokapu za kulinyanyua gari hili zikaliacha likiwa gari lile lile.

Kwa nini hili na si jingine

Minadani yamejaa magari ya milango miwili yenye jina. Fairlady Z ya Nissan ina mngurumo wa kumwamsha jirani, lakini injini yake ya lita 3.7 inakula mafuta na kodi kwa mdomo mmoja. RX-8 ya Mazda bei yake inatongoza, ila injini yake ya rotari inataka fundi aliyezaliwa nayo. Ukiipeleka kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani watakuangalia kama umewaletea ndege.

86 ilitoka mwaka 2012, Toyota na Subaru wakiwa wameitengeneza kwa pamoja. Subaru wakatoa injini, na gari likaundwa kwenye kiwanda chao mkoani Gunma. Lile lenye nembo ya Subaru linaitwa BRZ. Jina linarudi nyuma kwenye Corolla Levin na Sprinter Trueno za 1983 hadi 1987, zenye msimbo wa AE86, ambazo Wajapani walizizoea kwa jina la hachiroku, yaani nane-sita. Hilo jipya lina msimbo wa ZN6. Injini yake, FA20, ina cc 1998, silinda nne zimelala chali mbili kila upande, na watu wa Toyota walipenda utani wao kiasi kwamba kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni vyote ni milimita 86. Nguvu farasi 200, uzito kama kilo 1,200 na kidogo. Injini ikilala hivyo, uzito wote wa gari unashuka chini, na ndiyo sababu linakata kona bila kuyumba kama lina miguu ya paka.

Kwa Dar, la maana zaidi ni hili: boneti imeandikwa Toyota, lakini ukiifungua unakutana na Subaru. Usilipeleke kwa fundi wako wa Corolla, hata kama mmezikana. Nenda kwa fundi wa Forester na Impreza, ambao mjini wapo wengi, na FA20 kwao ni ndugu wa tumbo moja na injini wanazozifungua kila wiki.

Manyuo au oto? Kama kila asubuhi unatoka Mbagala kwenda Posta, chukua oto na usimsikilize mtu. Manyuo ni tamu, lakini klachi kwenye foleni ya saa mbili ni mazoezi ya goti la kushoto. Mimi nimechukua manyuo kwa sababu kazi yangu naifanyia nyumbani siku tatu za wiki. Matoleo ya Japani ni RC, G, GT na GT Limited. RC ni la watu wa mashindano, lilikuja hata na bampa zisizopakwa rangi, liache. GT ndilo la kutafuta: rimu za inchi 17 na difu ya Torsen, inayogawa nguvu kwenye matairi yote mawili ya nyuma pale moja linapoanza kuteleza.

Mwaka wa gari ni kodi

Hapa ndipo watu wengi huharibu hesabu. Wanaona 86 ya 2012 ina bei ya chini Japani, wanafurahi, kisha TRA inawarudisha walikotoka na zaidi.

Mwaka nilioagiza, hesabu ilikwenda hivi. Ushuru wa forodha asilimia 25 ya CIF, yaani thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima hadi Dar. Juu ya hapo ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa cc 1001 hadi 2000, asilimia 10 ikizidi. Halafu ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi miaka 10. VAT asilimia 18 inakaa juu ya mlima wote huo, na pembeni kuna vitozo vidogo vya reli na vya kushughulikia nyaraka.

Chukulia thamani iliyokubaliwa na TRA ni shilingi milioni 20. Ukiacha vile vitozo vidogo:

- Gari chini ya miaka 8: kodi kama milioni 10.98
- Gari la miaka 8 hadi 10: milioni 15.4
- Gari lililozidi miaka 10: milioni 19.83

Gari ni lile lile, meli ile ile. Tofauti ya kwanza na ya tatu ni karibu milioni tisa. Kwa kweli la zamani thamani yake huwa chini kidogo, kwa hiyo pengo linapungua, lakini haliondoki. Fanya hesabu ya magari mawili matatu ya miaka tofauti kwenye kikokotoo cha TRA kilicho mtandaoni kabla ya kumwandikia muuzaji. Na usitegemee kwamba bei uliyonunulia ndiyo watakayoitumia. TRA wana orodha yao ya thamani, na ankara yako nzuri haitawashangaza. Viwango vyenyewe huguswa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo kikokotoo cha wiki hii ndicho cha kuamini, si mwongozo wa mtu wa mtandaoni, huu wangu ukiwemo.

Angalia pia ule mpaka wa cc 2000. FA20 inapita chini yake kwa cc mbili. GR86, kizazi cha pili kilichoanza kuuzwa Japani Oktoba 2021, ina injini ya cc 2387 na farasi 235. Ni gari bora karibu kwa kila kitu, na inaingia kwenye fungu la asilimia 10.

Kuna sababu nyingine ya kukwepa za 2012 na 2013. Novemba 2018 Toyota na Subaru waliyaita magari hayo ya mwanzo yarudi gereji kwa sababu springi za valvu zingeweza kukatika na injini kuzima. Kuzibadilisha ni lazima injini ishushwe. Baadaye wakajitokeza wenye magari waliolalamika kwamba injini zilizofunguliwa zilikufa, gundi ya kuzibia ikiwa imemeguka na kuziba njia ya oili. Sitaki kubahatisha kama iliyo mbele yangu ilifunguliwa na mikono mizuri au la. Ukilazimika kununua ya miaka hiyo, ingiza namba ya chasisi, ile inayoanza na ZN6 na kistari, kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa magari yaliyoitwa, uone kama kazi ilifanyika.

Kutoka Agosti 2016 Japani walianza kuuza iliyopambwa upya: bampa ya mbele tofauti, taa za LED, na zile za manyuo zikapanda hadi farasi 207. Ukiweza kuifikia, ifikie. Mimi sikuweza.

Karatasi ya mnada isome mwenyewe

Picha kumi na mbili za kwenye tovuti zinapigwa na mtu anayetaka kuuza. Karatasi ya mnada imeandikwa na mkaguzi ambaye hana shida na wewe. Idai. Muuzaji akisema haipatikani, mwage.

Juu kulia kuna alama ya jumla. 5 na 4.5 ni magari ambayo hayajaguswa na maisha. 4 ni nzuri. 3.5 ina makovu yanayoonekana. R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi, A ikiwa safi kabisa. Halafu kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, umejaa herufi na namba: A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, B ni kibonyeo chenye mkwaruzo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba 1 ni kidogo, 3 ni kikubwa.

Gari nililokaribia kulinunua lilikuwa jeupe, boneti ya kaboni, rimu nyeusi, alama 3.5. Kwenye picha ungelipigia magoti. Kwenye mchoro kulikuwa na W2 ubavu wa nyuma kushoto na XX kwenye bawa la mbele la upande huo huo. Pande mbili za ubavu mmoja. Hilo halikukwaruzwa kwenye maegesho; hilo lilikuwa linachezewa dorifti, yaani kuteleza makusudi kwenye kona, likachapa ukuta kwa kushoto. Mkaguzi alikuwa amelipa 3.5 badala ya R kwa sababu fremu haikuguswa, na alikuwa sahihi. Lakini mimi sinunui fremu peke yake.

Sehemu ya maandishi ya Kijapani ndiyo wengi huiruka. Huhitaji kukijua Kijapani. Jifunze maumbo manne tu uyatafute kama unavyotafuta sura ya ndugu kwenye picha ya harusi. 純正 ni kifaa cha asili cha kiwandani. 社外 ni kifaa cha nje, kilichofungwa baadaye. 改 ni kimebadilishwa. Na 修復歴 ni historia ya ukarabati mkubwa. Ikifuatiwa na 無 hakuna, ikifuatiwa na 有 ipo. Ukiona 社外 moja kwenye redio, sawa. Ukiiona kwenye eksozi, shokapu na usukani kwa pamoja, gari hilo lilikuwa na kijana.

Langu lilikuwa alama 4, ndani B, kilomita 61,000, A1 mlango wa kushoto na U1 ndogo nyuma. Upande wa maandishi palikuwa karibu patupu. Ni jekundu, rangi ambayo nisingechagua. Nililinunua kwa sababu ya ule utupu.

Baada ya karatasi, omba video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi. Usiogope mlio wa cheche-cheche kama nyenje karibu na pampu ya mafuta. Wenye 86 wameuzoea. Ogopa kugonga kwa mdundo unaopanda na mzunguko wa injini. Omba picha ya ubavu wa siti ya dereva, pale unapojisugua ukishuka: kitambaa kikiwa kimeliwa na kilomita zinasema 40,000, mmoja wao anadanganya. Omba picha ya matairi manne yakionyesha jina. Ya nyuma yakiwa ya bei rahisi na ya mbele ya kampuni kubwa, huyo alikuwa anayachoma.

Malipo na safari

Fupi. Lipa kwenye akaunti ya benki iliyo Japani yenye jina lile lile la kampuni lililo kwenye ankara. Si jina la mtu, si benki ya nchi nyingine. Ukipokea barua pepe inayosema akaunti imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo mwanzo. Mwaka 2023 dola ziliadimika nchini na benki ilinichelewesha. Mwambie muuzaji mapema ili gari lisiuzwe kwa mwingine. Baada ya malipo, meli yangu ilichukua wiki tano na siku kadhaa.

Bandarini

Nyaraka zako ni hati ya meli, ankara, cheti cha Japani cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha, na TIN. Zipeleke kwa wakala wa forodha meli ikiwa bado baharini, si ikishatia nanga. Wakala wangu wa kwanza alikaa na makaratasi siku nne akisema mtandao uko chini, huku mtandao huo huo ukitoa magari ya wenzangu. Kila siku inayozidi muda wa bure, bandari inahesabu. Nilibadilisha wakala. Kabla ya kumpa kazi, mtake akuandikie gharama zote kwenye karatasi moja: kodi, bandari, kampuni ya meli, ukaguzi wa TBS, ada yake, usajili na namba. "Mambo madogo madogo" yasiwe mstari kwenye karatasi hiyo.

Siku ya kulichukua, nenda na zile picha za kabla ya meli na uzilinganishe ukiwa bado ndani ya geti. Langu lilikuja na kifaa cha kuziba pancha badala ya tairi la akiba, na pampu yake ndogo haikuwemo. Nani aliichukua, na wapi kati ya Yokohama na Kurasini, sikujua na sikupata wa kumdai. Nilimkumbuka mama. Ukitoka hapo nunua pampu ya umeme na dawa ya kuziba kabla ya kitu kingine chochote, maana kwenye buti hakuna cha kukuokoa.

Wiki ya kwanza gereji

Usikimbie Kigamboni kulionyesha. Kimbia kwa fundi. Injini inataka oili ya 0W-20, lita 5.4 pamoja na filta. Utaambiwa nchi yetu ya joto inataka oili nzito. 86 ilijengewa nyepesi, ipe nyepesi. Filta iko juu, mbele ya injini, unaifikia kwa mkono, na ni jambo pekee kwenye gari hili ambalo fundi wangu alilisifia. Alipofungua boneti mara ya kwanza alinyamaza kidogo, akainama, akaniangalia. "Kaka, hii Toyota wamekuuzia ina injini ya Subaru." Nikamwambia najua. "Unajua na umelipa?"

Plagi ni habari nyingine. Injini imelala, kwa hiyo plagi ziko ubavuni, zimebanwa na fremu. Kazi ya dakika ishirini kwenye Corolla hapa ni nusu siku, na bei ya ufundi itakuwa hivyo. Kagua oili inayovuja kwenye kifuniko cha mbele cha injini, bea ya klachi inayolia ukiwa hujakanyaga, na maji ndani ya taa za nyuma, ugonjwa wa zile za mwanzo. Badilisha oili ya gia na ya difu hata kama hujui ilibadilishwa lini. Hasa kama hujui.

Matairi ni 215/45R17. Yanapatikana, lakini usikubali yenye ubavu mrefu zaidi ili kunyanyua gari. Nilijaribu kwa wiki moja. Likawa linaendeshwa kama kiatu cha kuazima.

Bima: ndogo ilikuwa shilingi 118,000, na kwa gari la aina hii ni kujidanganya. Vioo, bampa na taa zake hazikai rafu moja na za IST huko Kariakoo. Nyingi utaagiza na kusubiri. Nilikata kubwa kwa asilimia 3.5 ya thamani, kabla ya VAT. Hakikisha thamani iliyoandikwa ina kodi ulizolipa ndani yake, siyo bei ya Japani.

Miezi ya kwanza

Unakaa chini. Siku ya kwanza kwenye taa za Mwenge daladala lilisimama kulia kwangu na nikajikuta nahesabu nati za gurudumu lake. Madereva wa malori hawakuoni; usikae ubavuni mwao hata sekunde. Usiku taa za Land Cruiser zinaingia moja kwa moja kwenye kioo cha nyuma kama mtu anakupiga tochi akikutafuta.

Matuta utajifunza kuyaingia kwa pembe, tairi moja kwanza, kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji. Walio nyuma yako watapiga honi. Waache wapige. Mvua kubwa ikinyesha, sahau bonde la Jangwani. Hata lami ikiwa imepotea sentimita chache tu chini ya maji, mimi nageuza.

Kuhusu mbio, wengi wanategemea siti iwapige mgongoni. 86 haifanyi hivyo. Kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika injini inapumzika kidogo, unakanyaga na linakujibu "subiri". Ukivuka hapo inaamka, na nguvu yake kamili iko kwenye 7,000. Harrier ya turbo itakuacha kwenye taa na dereva wake atafurahi. Utamu wenyewe uko kwingine. Uko kwenye usukani ambao unakwambia tairi limekanyaga nini, uko kwenye gia inayoingia kwa kifundo cha mkono tu. Nilikwenda nalo Morogoro Jumapili moja alfajiri, na sehemu niliyoipenda haikuwa barabara iliyonyooka baada ya Chalinze, ilikuwa mzunguko mmoja wa kawaida ambao kwa Noah niliupita miaka kumi bila kugundua kwamba ni kona.

Trafiki wataligundua. Kibao cha 50 kinahusu kila gari, lakini jekundu lililolala chini huonekana linakimbia hata likiwa 45. Nimesimamishwa mara nyingi kuliko nilivyowahi kusimamishwa na Noah, na mara mbili askari alitaka tu kujua bei.

Mafuta: foleni ya Dar inanipa kilomita 8 kwa lita, safari ndefu 12 hadi 13. Lilitengenezwa kwa petroli ya oktani ya juu, kwa hiyo jaza ile bora kwenye sheli unayoiamini, na usibadilishe sheli kila siku kwa kufuata shilingi ishirini. Tangi ni lita 50.

Siti za nyuma ni maneno tu. Mdogo wangu alikaa huko kutoka Mwenge hadi Mbezi, akashuka amekunjika kama shati la kwenye begi. Lakini ukilaza mgongo wa siti hizo unapata uwazi mrefu. Waliolibuni walitaka matairi manne ya mashindano yaingie. Mimi nimeingiza nanasi thelathini na mbili kutoka Kiwangwa, na gari lilinukia wiki nzima.

Redio nayo ni ya Kijapani, inaishia masafa ya Japani, kwa hiyo stesheni zetu nyingi za juu haizisikii, na ramani yake inaonyesha gari likiwa katikati ya rangi ya bluu tupu. Unaweza kufunga kipanua masafa kwa bei ndogo au kubadilisha redio nzima. Nilibadilisha. Fundi wa redio alipomaliza akauliza kama aking'oe na kile kimashine cha ushuru wa barabara za Japani kilichofichwa chini ya dashibodi, chenye yule dada anayeniarifu kwa adabu kila nikiwasha gari kwamba sijaingiza kadi. Nikamwambia akiache. Mama akipanda humjibu.